Mkalimani Aliyetafuta Neno la Pili

Alijaza chemshabongo kwa kalamu ya wino. Tangu siku niliyopewa meza inayotazamana na yake katika ofisi ya makarani pale mahakamani Kisumu, hadi siku aliyostaafu, sikumwona hata mara moja akishika penseli. Saa nne chai ilipofika, alikunja gazeti la Kiswahili mara nne mpaka ukurasa wa fumbo ukabaki peke yake, mdogo kama bahasha. Alivua miwani ya kuonea mbali, akavaa ya kusomea, akaanza. Mtu akimsemesha wakati huo alijibiwa kwa nyusi.

Tulimwita Mkalimani. Mawakili walimwita hivyo, askari jela walimwita hivyo, na mama wa chai alimwita Mama Mkalimani kwa sababu aliona jina la kazi tupu halina heshima ya kutosha. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya kizimba na kiti cha Jaji, akibeba maneno kutoka Kijaluo kwenda Kiswahili au Kiingereza, na kuyarudisha. Mimi aliniita nyathina, mtoto wangu, ingawa nilipomjua nilikuwa na watoto wangu watatu.

Alikuwa na mpangilio wake. Vidokezo vya gazeti lile viligawanywa safu mbili, moja imeandikwa Kulia na nyingine Chini. Yeye alianza Chini kila siku. Nilipomuuliza sababu, alisema bila kuinua kichwa, "Kulia nitalia baadaye." Ilinichukua hadi nimemaliza andazi langu ndipo nikacheka, na yeye akatabasamu kidogo, akiwa tayari yuko neno la tano.

Mimi Kiswahili changu kilikuwa cha shule na cha soko la Kibuye. Nilijua neno moja kwa kitu kimoja, na liliponitosha sikutafuta jingine. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba maneno yana vyumba vya nyuma. Alinisomea kidokezo: "Njia sawasawa, herufi nane." Nikataja njia zote ninazozijua. "Barabara," akasema. "Ukiweka uzito hapa ni ya magari. Ukiuweka pale ni mambo kuwa sawa kabisa. Herufi ni zile zile." Siku nyingine ilikuwa: "Chombo kisicho na utamu, herufi sita." Hiyo niliipata mwenyewe, nikapiga meza kwa furaha mpaka chai ya mtu ikamwagika. Chungu! Akasema, "Usipige meza. Bado hujui kama linaingia."

Usichukulie kwamba alijua kila kitu. Aliposhindwa alikwenda kuuliza, na aliuliza kwa ujanja, bila kusema ni la fumbo, kwa sababu aliamini mtu akijua ni mtihani huacha kufikiri na kuanza kubahatisha. Kuna wiki moja tulikwama wote kwa kidokezo hiki: "Mnyama anayekuna nazi, herufi tano." Sisi watu wa ziwani nazi tunaiona ikiuzwa barabarani kama kitu cha wageni. Tulitaja nyani. Tulitaja panya. Wakati wa chakula cha mchana akashuka mtaa mmoja hadi duka la vyuma la familia moja ya Kihindi, ambako mama mzee aliyezaliwa Mombasa alikuwa akikaa nyuma ya meza ya fedha. Nilimfuata.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, Mama. Unataka misumari?"

"Leo sitaki. Nataka kukuuliza, nyinyi nyumbani mlikuwa mkikuna nazi na nini?"

"Na mbuzi, na nini tena?"

"Mbuzi huyu wa nyama?"

Yule mama mzee alicheka mpaka akashika kifua. Akachukua karatasi ya risiti akachora kigoda cha kukalia, chenye ulimi wa chuma uliotokeza mbele, wenye meno. "Huyu hali majani," akasema. Mkalimani alisimama pale dukani akaijaza miraba mitano, kisha akampa mkono kama mtu aliyefunga mkataba. Tangu siku hiyo alipita dukani kila Ijumaa. Mmoja alileta kidokezo, mwingine alileta kashata. Yule mama mzee alipougua, Mkalimani aliomba ruhusa ya nusu siku, akaenda kumsomea fumbo kitandani.

Hakuwahi kutuma fumbo hata moja gazetini ili kushindania zawadi. "Nikishinda watanipa fulana," alisema. "Nitaivaa wapi, mbele ya Jaji?" Lakini gazeti lilipokosea, alituma barua. Aliniletea nimchapie, na barua zake zilikuwa fupi na kali kama hati ya mashtaka. Mhariri hakujibu. Hilo halikumtikisa. Alisema ya kwake alishasema, sasa limebaki deni la mwenye masikio.

Alikuwa mgumu kuhusu lugha za vijana. Karani akisema neno la Sheng ofisini, alikohoa kikohozi ambacho hakikutoka kifuani. Lakini siku moja nikitafuta stempu katika droo yake nilikuta daftari lililojaa Sheng tupu, limepangwa kwa alfabeti, kila neno na maana zake. Kuchoma: kuunguza, kuharibu jambo, kumfichua mtu. Kando aliandika, "Nimelipata stendi ya Kondele." Nilimwuliza inakuwaje anatukohoa sisi halafu jioni anasimama stendi na makanga wa matatu akikusanya maneno yale yale.

"Wewe unayasema kwa sababu una uvivu wa kutafuta mengine," alisema. "Yule kijana wa Kondele atasema kizimbani, 'Nilimchoma.' Nimwambie Jaji alimtia moto?"

Na huyu huyu aliyekuwa na maneno matano kwa kila kitu hakuwa na neno samahani. Akikukosea, kesho yake ulikuta njugu karanga za kuchemsha kwenye meza yako, zimefungwa kwenye karatasi. Ulizila, mambo yakaisha. Mume wake, fundi wa injini za maboti, mtu mpole wa maneno machache, aliniambia siku moja ofisini alipokuja kumletea mwavuli, "Nyumbani tunakula njugu sana." Mkalimani mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza.

Mimi nilizila siku nilipomkosea mimi, na hapo ndipo sikuelewa kabisa. Ilikuwa hivi. Aliitwa mahakamani kabla hajamaliza, akaacha gazeti mezani. Kati ya vidokezo alivyokuwa hajavifikia nikaona kimoja: "Urithi kutoka kwa wazee, herufi nne." Nikaona wazi kama mchana: mila. Nikachukua kalamu yake, nikajaza M, I, L, A. Nilingoja sifa.

Aliporudi aliweka kidole juu ya ile miraba minne.

"Nani ameandika hapa?"

"Ni mimi, Mama. Nilikuwa nakusaidia."

"Soma kidokezo kinachoshuka hapa kwenye herufi ya pili."

Nikasoma. "Utamu wa nyuki, herufi tano."

"Asali," akasema. "Inaanza na A. Wewe umeweka I. Hapa ni mali. Mali pia huachwa na wazee." Hakupaza sauti. "Uliona neno moja linaingia, ukaacha kutafuta la pili. Nyathina, hapo ndipo watu hupotelea."

Hakunisemesha siku mbili. Niliona amezidisha, gazeti ni la siku moja, kesho hufungiwa samaki. Siku ya tatu nikakuta njugu, na chini yake kipande cha karatasi alichoandika herufi M, A, L, I, na chini ya hapo: mali, mila, lima, imla. Neno la nne sikulijua, ikabidi nimwulize, akanieleza kwamba ni pale mwalimu anaposoma na wewe unaandika unachosikia. Tukaanza kuongea tena. Lakini maana ya hasira yake niliipata miezi mingi baadaye, ndani ya mahakama, nikiwa nimekaa chini ya kiti cha Jaji na faili mapajani.

Ilikuwa kesi ya mauaji. Kwenye ufuo mmoja wa ziwa, banda la kuhifadhia nyavu liliungua, na mlinzi wa nyavu aliyekuwa amelala ndani akafa. Mshtakiwa alikuwa mvuvi wa miaka thelathini hivi, aliyekutwa hapo nje amejaa masizi. Ilijulikana kuwa yeye na mlinzi walikuwa wamegombana wiki ile kuhusu wavu. Shahidi mkuu alikuwa mnunuzi wa samaki kutoka mkoa mwingine, mtu mwaminifu tu mwenye Kijaluo cha kununulia samaki, aliyefika wa kwanza. Alisema kwa Kiswahili safi, "Nilimkuta amekaa chini. Nikamwuliza kumetokea nini. Akaniambia ni yeye aliyemuua."

Ukumbi ukanyamaza. Mama yake mshtakiwa, aliyekuwa benchi la tatu, hakuelewa maneno yale, lakini alielewa ule ukimya.

Jaji akaandika. Kisha akasema, "Mkalimani, mwulize mshtakiwa kama alimwambia shahidi maneno hayo."

Mkalimani alifungua mdomo, akaufunga. Nilimtazama. Katika miaka yote sikuwahi kumwona akisita hata kwa pumzi moja. Maneno yalipita kwake kama maji kwenye mfereji. Sasa alisimama tu, mikono ameikunja mbele.

"Mkalimani?"

"Mheshimiwa, naomba radhi. Nikimfasiria, atakubali."

"Basi mfasirie, akubali."

"Akikubali atakuwa amesema kweli, Mheshimiwa, na mahakama itakuwa haijaisikia."

Kiongozi wa mashtaka akainuka. "Mheshimiwa, napinga. Mkalimani si shahidi. Kazi yake ni kupitisha maneno."

"Ni kweli," Mkalimani akasema, "mimi si shahidi. Naomba tu kuieleza mahakama habari ya neno. Kwa Kijaluo kuua ni nego. Kuzima moto pia ni nego. Taa tunainega, jiko tunalinega. Na lugha yetu haitenganishi kumuua mtu na kuuzima moto. Vyote viwili ni anege. Shahidi alisikia anege akaelewa mtu. Huenda ni mtu. Huenda ni moto. Nikikirudisha Kiswahili chake kwa Kijaluo, mshtakiwa atasikia neno lake mwenyewe, na atasema ndiyo."

Mkalimani anayejitia katika ushahidi anaweza kufukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na yeye alikuwa amebakiza miaka minne tu kustaafu. Jaji aliweka kalamu chini. Kisha akaagiza aletwe mkalimani mwingine kutoka ukumbi wa pili, asiyejua chochote kuhusu kesi. Akaja mzee mmoja akiwa bado anafuta mdomo. Jaji akamwuliza, neno nego maana yake nini. Akajibu kuua. Akaulizwa, je, kuna maana nyingine? Mzee akafikiri, akatazama juu kwenye taa ya ukumbi, akasema, "Hiyo taa pia, Mheshimiwa. Ukisema neg taya, umesema izime."

"Mwulize mshtakiwa," Jaji akasema, "alikuwa anasema kuhusu nini."

Mkalimani akamgeukia. Swali alilolitunga lilikuwa jepesi, halikumsukuma upande wowote. Yule mvuvi alijibu neno moja.

"Mach."

"Moto, Mheshimiwa," alisema Mkalimani, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku.

Ndipo yule mtu akainua viganja vyake juu ya kizimba, akavigeuza, na sote tukaona ngozi ilivyokuwa imeungua na kupona vibaya. Hakuna aliyewahi kumwambia avionyeshe.

Kesi haikuishia hapo. Iliendelea miezi kadhaa, wakaja mashahidi wengine, na mwishowe akaachiliwa. Mkalimani aliitwa ofisini mara mbili kuandika maelezo kuhusu alichofanya, akaandika, kwa wino, ukurasa mmoja kila mara. Hakuna aliyemwombea msamaha, wala yeye hakuomba. Mama wa yule mvuvi alimngojea langoni na kuku amemfunga miguu. Mkalimani alimshika yule mama mikono yote miwili, akamwambia kwa Kijaluo kwamba kuku arudi nyumbani akatage. "Mimi sikumtetea mtoto wako, Mama. Nililitoa neno lake lote, basi." Yule mama akalia pale pale, na Mkalimani akangoja mpaka amalize, bila kutazama saa.

Kesho yake saa nne nilimwambia nilivyojivunia. Nilidhani atafurahi. Aliikunja miwani yake akaiweka juu ya fumbo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Miaka yangu ya kwanza nilikuwa nafasiri haraka," alisema. "Nilisifiwa kwa haraka. Mahakimu walinipenda, kesi zilikwisha mapema. Neno la kwanza lililoingia, nililitia." Akaligonga gazeti kwa kidole. "Hili hunipa majibu kesho yake. Wale wa miaka ile sijui hata walikwenda wapi. Sijui ni yupi nilimkosea, au kama yupo."

Nikamsogezea andazi. Akamega kipande, akavaa miwani, akasema, "Haya. Chini, saba," na tukaendelea.

Alipostaafu walihamia kijijini kwao mumewe, Nyakach. Tulipigiana simu sikukuu. Mwaka jana nilifanya mtihani wa ukalimani, nikapita, na nikaambiwa nianze kazi Jumatatu, nisimame pale pale alipokuwa akisimama yeye. Badala ya kufurahi nilikosa hamu ya chakula. Jumamosi nikapanda gari hadi Katito, soko la huko Nyakach, kumwona.

Nilimkuta sokoni, kwenye baraza ya duka la fundi cherehani, amekalia kiti cha plastiki na gazeti mapajani. Nywele zilikuwa nyeupe zote, lakini alininyooshea mkono wenye nguvu.

"Nyathina! Umekonda."

"Mama, nimepewa kazi yako."

"Si yangu. Nimesikia. Unaogopa?"

"Sana. Nimekuja unifundishe kabla ya Jumatatu."

"Nikufundishe nini kwa siku moja?" akasema. "Kaa, unywe soda."

Sijafungua hata chupa ugomvi ukazuka mbele yetu. Mama mmoja wa Kisii alikuwa ameshusha mikungu ya ndizi na kuiegemeza juu ya gunia ambalo mwuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa ameanikia mzigo wake. Mwuza omena, mwanamke mnene mwenye kitambaa chekundu, alimjia juu kwa Kijaluo. Mwenye ndizi naye alimjibu kwa Kiswahili kwamba soko ni la wote. Kila mmoja alipaza sauti, kwa kuwa hakuna aliyemwelewa mwenzake, na watu wakaanza kusogea kutazama.

"Haya," Mkalimani akaniambia. "Simama hapo kati."

"Mama, hapa sokoni?"

"Simama."

Nikasimama. Mwuza omena, alipoona amepata wa kumsemea, alinigeukia akatema maneno yake yote kwa pumzi moja, akimwonyesha mwenzake kidole. Nilimgeukia mwenye ndizi.

"Anasema tafadhali usogeze ndizi kidogo."

Nyuma yangu nikasikia sauti ile, shwari, isiyo na haraka. "Hakusema hivyo."

"Mama, watapigana."

"Hiyo si juu yako. Amesema nini?"

Mwuza omena alinikazia macho, akisubiri kuona kama nitayasema maneno yake au nitayameza. Nikamtazama mwenye ndizi usoni.

"Amesema," nikaanza, na safari hii sikupunguza kitu, "kwamba una uso wa mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kuambiwa hapana. Na kwamba ukiacha ndizi zako juu ya omena yake, wanao watazila zikinuka samaki mpaka Krismasi."

Mwenye ndizi akageuka. Akamtazama mwuza omena kutoka kitambaa hadi viatu. Midomo yake ikaanza kucheza, akajaribu kuizuia, akashindwa, akaangua kicheko kikubwa huku ameshika kiuno.

"Mwambie," akasema, akiinamia mkungu wa kwanza kuuinua, "nimeolewa miaka ishirini nikiambiwa hapana kila siku, sifa hiyo yeye ndiye wa kwanza kunipa. Mwambie nasogea. Na mwambie na yeye mdomo huo mama yake hakuumaliza kuupika."

Sikugeuka kumtazama Mkalimani. Nilimgeukia mwanamke wa kitambaa chekundu, nikampa maneno yote kwa Kijaluo, na la mdomo nikaliacha mwisho, zima kama nilivyolipokea.